Mzizi wa dengu, ukanda wa plastiki na skrini ya laptopu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Mbagala. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alivaa miwani ya jua ya mama yake, akashika skweya ya plastiki mbele ya skrini ya laptopu, akaona rangi kama za upinde wa mvua. Tukasoma kidogo, tukaambiwa rangi hizo ni mkazo ndani ya plastiki. Sasa binti anataka kuzitumia kupima kani ndogo: mzizi wa dengu unavyosukuma udongo, au mguu wa mende. Tumeibana skweya kwa vidole mpaka vikauma, rangi hazikutikisika. Jamaa mmoja ametuambia bila leza hatufiki popote. Je, inawezekana kwa vifaa vya mtaani?

JIBU: Mwalimu, inawezekana, na leza iacheni huko huko dukani. Mpe hongera binti, maana alichokiona kwa bahati ndicho kifaa kizima: skrini, kitu kinachopitisha mwanga, na miwani. Kilichowaangusha ni skweya.

Rangi mlizoziona kwenye skweya si za vidole vyenu. Ni za kiwandani. Plastiki ilisukumwa ndani ya kalibu ikiwa imeyeyuka, nje ikaganda kabla ya ndani, na ule mvutano wa wakati wa kuganda ukabaki umefungiwa humo mpaka leo. Angalieni tena pale karibu na shimo la katikati na kwenye ile pembe ambako plastiki iliingilia, rangi zimesongamana. Mkiibana kwa vidole mnaongeza kijiko cha maji kwenye pipa lililojaa. Tena plastiki yenyewe ni ngumu mno kwa kazi mnayoitaka, na hapo ndipo penye jibu langu lote: kwenye kipimo cha namna hii mwanga hauna shida, mwanga wowote utafaa. Uwezo wa kuona kani ndogo unatokana na kitu mnachokikaza, ulaini wake na umbo mlilokikatia.

Kwanza tuelewane rangi zinatoka wapi. Mwanga wa skrini ya laptopu unatoka ukitikisika upande mmoja tu, kwa sababu juu ya kioo pamebandikwa karatasi ya polaraiza. Miwani halisi ya polaraiza nayo hupitisha upande mmoja. Ukiigeuza mpaka pande hizo mbili zikatizane, skrini inakuwa nyeusi. (Hicho ndicho kipimo cha kununulia miwani kwa machinga: igeuze taratibu mbele ya skrini ya laptopu. Isipofikia giza, kibandiko kilichoandikwa pembeni ni mapambo.) Sasa weka katikati kitu angavu kilichokazwa. Ndani yake mwanga unaotikisika kufuata mvuto na ule unaotikisika kuukata mvuto hausafiri kwa kasi moja. Mmoja unachelewa. Ukifika kwenye miwani, mawimbi mawili yanalazimishwa kuungana, baadhi ya rangi zinauana, zilizobaki ndizo unaziona.

Ucheleweshaji huo unategemea vitu viwili: unene ambao mwanga umepita, na tofauti kati ya mkazo mkubwa na mkazo mdogo mahali pale. Tofauti, Mwalimu. Kitu kilichobanwa sawasawa pande zote kitabaki cheusi hata kama kimebanwa vibaya sana. Kwa hiyo binti akiona giza asiandike "hakuna kani".

Mmeshaiona hali hii barabarani pia. Ukivaa miwani ya polaraiza ndani ya daladala ukatazama kioo cha nyuma cha gari lililo mbele, unaona madoa yaliyopangwa kama ya chui. Kioo hicho kilipashwa moto kikapozwa ghafla kwa pumzi za hewa, na kila doa ni kumbukumbu ya pumzi hizo. Anga ndiyo inayotoa mwanga uliochujwa nusu, hata skrini haihitajiki.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Chukua ukanda wenye upana wa milimita 10, uuvute kwa kuning'iniza mzigo. Nitaita "mzunguko mmoja" ile safari ya kutoka nyeusi, kupita kijivu, nyeupe, njano, mpaka ile zambarau ya kwanza. Ukanda ukiwa wa kioo cha kawaida, mzunguko mmoja unahitaji kani ya nyutoni 2,000 hivi, yaani uning'inize kilo 200. Perspeksi, plastiki ngumu ya mafundi mabango, ni kama nyutoni 1,300. Polikaboneti, plastiki ya shiti angavu za kuezekea, nyutoni 70, sawa na kilo 7. Jelatini, ile ya kutengenezea jeli ya watoto, kama nyutoni 1 tu: gramu 100. Kutoka kioo mpaka jelatini ni mara elfu mbili, na mwanga ni ule ule.

Ona pia kwamba unene sikuutaja. Ukanda mnene unapunguza mkazo, lakini mwanga unapita njia ndefu zaidi, na vitu hivyo viwili vinafutana kabisa. Katika mvuto wa moja kwa moja upana ndio unaohesabika. Msihangaike kutafuta plastiki nene.

Jelatini si wazo langu. David Brewster aligundua mwaka 1815 na 1816 kwamba kioo kikikazwa kinabadili mwanga namna hii, na mwaka 1850 James Clerk Maxwell, kabla hajatimiza miaka 20, alitoa maandiko yake kuhusu vitu vinavyonyumbuka akiwa amepima hesabu zake kwa kukaza jelatini na kuitazama kwa mwanga uliochujwa. Jelatini yake ilikuwa ya kibofu cha samaki. Sisi tunakiita bondo, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yanasafirishwa kwa bei inayowashinda hata wenye samaki wenyewe, kwa hiyo binti atumie ya paketi. Wazazi wakiuliza, asome lebo: kuna ya ng'ombe na kuna ya nguruwe.

Na mende wenu tayari ana watangulizi. Mwaka 1995 Robert Full na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwaweka mende chali juu ya jelatini iliyo kati ya polaraiza mbili, wakapima kani ya mguu mmoja mmoja mende anapojigeuza. Mguu ukikandamiza, pale chini panawaka doa la mwanga. Ukubwa na mng'ao wa doa ndio kani.

Lakini hapa Dar, Mwalimu, jelatini ina adui. Inayeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, na mchana wa Februari chumba chenye bati tu kinafika huko bila kuombwa. Niliwahi kuwaandalia vijana onyesho, vipande sita vizuri, angavu kama maji, nimevipanga kwenye sahani ya kioo. Umeme ukakatika saa sita, feni zikasimama, wageni wakachelewa. Saa nane nilikuwa na sahani ya uji. Tangu siku ile kazi ya jelatini naifanya alfajiri, vipande vinatoka friji kimoja kimoja, na ndani yake natia gliserini kidogo ya duka la dawa ili visikauke kingo haraka. Kianzio kizuri ni gramu 12 hadi 15 za unga usio na rangi wala ladha kwa kila mililita 100 za maji: loweka kwenye maji baridi kwanza mpaka uvimbe, ndipo upashe taratibu, usiache ichemke, maana ikichemka inakuwa dhaifu. Mimina kwenye kalibu iliyopakwa mafuta, friji usiku kucha. Kuna tatizo jingine la kuchekesha: jelatini ikiwa baridi, mende naye anapoa, anakuwa mvivu. Mtajua wenyewe mtakavyomshawishi.

Kwa sababu hizo, kama ni mimi, mende ningemwachia mwaka ujao. Chagueni mzizi. Mzizi unasukuma siku mbili tatu mfululizo, na jelatini katika joto letu haitamaliza siku hizo bila kuyeyuka au kuota ukungu. Wapo watafiti waliopima mizizi ya dengu hiyo hiyo ikijipenyeza kati ya visahani vya plastiki laini angavu, kwa hiyo mbegu mmeichagua vizuri. Plastiki ile laini si rahisi kuipata mtaani, lakini kuna njia ya kuifanya polikaboneti ngumu ijifanye laini: badala ya kuivuta, ipindeni.

Kata ukanda wa polikaboneti wenye kimo cha milimita 4, uubane upande mmoja kwenye jiliwa, uache milimita 80 zitokeze hewani kama ubao wa kurukia majini. Mwanga upite ubavuni, kuvuka unene wa shiti. Ukisukuma ncha chini, mkazo wote unakusanyika pale kwenye shina, kingo za juu na chini. Hesabu ya boriti iliyobanwa upande mmoja inasema kani ya mzunguko mmoja kwenye ukingo ni kimo mara kimo, mara namba ya polikaboneti (nyutoni 7,000 kwa kila mita, yaani zile 70 kwa milimita 10), gawanya kwa mara sita ya urefu. Weka namba: 0.004 × 0.004 × 7,000 ÷ (6 × 0.08), unapata nyutoni 0.23. Gramu 24! Ukanda ule ule ukiuvuta ungetaka nyutoni 28. Kwa kuupinda tu mmeongeza uwezo mara 120, bila shilingi ya ziada. Na unene hapa pia haumo kwenye hesabu, ila shiti ya milimita 3 ni nzuri kwa sababu ukanda mwembamba unapenda kujipinda ubavu.

Je, inatosha kwa mzizi? Ncha ya mzizi inaweza kusukuma kwa mgandamizo unaokaribia nusu megapaskali. Mzizi wenye kipenyo cha milimita 1 utakuwa na eneo la milimita ya mraba 0.8 hivi, kwa hiyo kani ni kama nyutoni 0.4, gramu 40. Kwenye ukanda wenu hiyo ni karibu mizunguko miwili kasoro robo. Mtaiona kwa macho.

Polikaboneti tafuteni kwa wanaoezeka vibaraza kwa shiti angavu. Omba vipande vya kutupa vya shiti iliyo bapa, usichukue ile yenye vijumba vya hewa ndani. Muuzaji anaweza kukupa perspeksi ya mafundi mabango akidhani ni kitu kimoja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Pinda kipande kidogo kwa koleo: perspeksi inakatika kwa mlio, polikaboneti inakunjika. Kata kwa msumeno wa chuma polepole isipate moto, laini kingo kwa msasa wa maji, kisha itazame mbele ya skrini kabla ya kuipakia chochote. Ukanda ukiwa na rangi zake mwenyewe, tupa, kata mwingine. Nusu ya vipande vyangu huwa natupa. Msishawishike na CD za zamani. Ni polikaboneti kweli, lakini zina vijistari vinavyotawanya mwanga na kutoa upinde wa mvua wao, na mwanafunzi atapima kivuli.

Kuna kosa moja ambalo kila anayeanza hulifanya, nami nililifanya wiki nzima. Ukanda ukilala sambamba na upande wa polaraiza ya skrini, au ukiukata mraba, hauonyeshi rangi hata ukiuvunja. Lazima uwe katikati, nyuzi 45. Skrini nyingine polaraiza yake imelala, nyingine imesimama, nyingine imekaa hanamu. Usikisie: bana ukanda, upakie mzigo, kisha zungusha jiliwa pamoja na ukanda wake mbele ya skrini mpaka pang'ae kuliko popote. Kama ukanda ni lazima ulale kwa ajili ya mzizi, izungushe laptopu yenyewe, iegemee vitabu, na miwani iifuate iendelee kukatiza.

Mkipata hapo, mtaona kitu kizuri. Katikati ya ukanda unapita mstari mweusi ulionyooka, pale ambapo hakuna mvuto wala msukumo, na rangi zinapangana juu na chini yake zikisongamana kadiri mnavyokaribia jiliwa. Mwacheni kila mwanafunzi aangalie kabla hamjaandika namba yoyote.

Kwa kani za chini ya gramu 10 rangi za mwanzo ni kijivu tupu, na jicho la mtu halipimi kijivu. Hapo bandika selotepu angavu juu ya kipande cha kioo, tabaka juu ya tabaka kwa mwelekeo mmoja, mpaka kati ya polaraiza mbili itoe ile zambarau. Weka kioo hicho nyuma ya ukanda, selotepu ikielekea urefu wa ukanda. Zambarau ile ni nyepesi kusumbuka kuliko rangi zote: ongezeko dogo inageuka buluu, pungufu kidogo inageuka chungwa. Ukingo mmoja wa ukanda utakwenda buluu na mwingine chungwa, kwa sababu mmoja unavutwa na mwingine unasukumwa. Selotepu ile nyeupe yenye ukungu haifai.

Mkitaka namba badala ya rangi, simu inatosha. Jazeni skrini rangi ya kijani, simu ikae kwenye stendi, mwanga na fokasi vifungwe visijirekebishe, mpige picha kila baada ya nusu saa na kusoma ung'avu wa kijani kwenye alama moja karibu na shina. Lakini msianze gizani. Kutoka giza, mwanga unaongezeka kwa mraba wa kani: sehemu moja ya mia ya mzunguko inaleta sehemu moja ya elfu ya mwanga, na simu haitaigundua. Mkianza mwanga ukiwa nusu, sehemu ile ile moja ya mia inabadili mwanga kwa asilimia 3 ya mwanga wote, na hiyo simu inaiona. Namna ya kuanzia nusu ni rahisi: ning'iniza gramu 6 kwenye ncha ya ukanda tangu mwanzo, yaani robo mzunguko, na ziache hapo hapo. Mzizi ukianza kusukuma, kila gramu inaandika. Mimi ningeamini mabadiliko ya robo gramu. Chini ya hapo ningetaka kuona vipimo vimerudiwa. Mwanga ukishafika kilele unaanza kushuka huku kani ikipanda, kwa hiyo picha za nusu saa zisirukwe, hesabuni vilele na mabonde.

Namba hizi zote, 7,000 na 0.23, ni za kukadiria tu. Polikaboneti ya kiwanda kimoja si ya kingine, na kimo cha milimita 4 kilichokatwa kwa mkono ni 3.8 hapa na 4.2 pale. Ukanda lazima upimwe wenyewe. Nunueni bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano. Ning'inizeni kizibo cha chupa ya maji kwenye ncha ya ukanda kwa uzi, mtie maji mililita moja moja. Kila mililita ni gramu 1, yaani nyutoni 0.0098. Kizibo kikijaa badilisheni kikombe kidogo, na uzito wa kikombe uhesabiwe. Chora grafu ya ung'avu dhidi ya gramu, kwenda na kurudi. Mstari wa kurudi usipolala juu ya wa kwenda, jiliwa halijakaza.

Mzizi nao una ujanja wake. Ukisukuma chini, unaisukuma mbegu juu kwa kani ile ile, na mbegu isiyoshikwa itanyanyuka na mtapima sifuri. Oteni dengu kwenye pamba siku mbili, kisha izikeni mbegu kwenye jipsamu ya mafundi dari ndani ya kipande cha bomba, mzizi ukitokeza chini kwa milimita 3 au 4 tu. Ukitokeza zaidi utapinda kama uzi. Uzungushieni mrija wa soda uliojazwa pamba mbichi, ncha iguse kijibati kilichogundishwa kwenye mwisho wa ukanda. Pembeni bana ukanda wa pili usio na mzizi, wenye gramu 20 zisizobadilika, ndani ya picha hiyo hiyo. Polikaboneti iliyopindwa kwa siku tatu hulegea kidogo, na ukanda huo wa pili utawaambia ni kiasi gani cha kutoa.

Kuhusu leza: mwanga wake umenyooka kupita kiasi, kila vumbi na mkwaruzo unachora madoadoa yake, na skrini mliyo nayo ina polaraiza tayari. Na kama jaji wa maonyesho ya sayansi atamuuliza binti kwa nini hakutumia mzani mdogo wa masonara, ambao ungesoma gramu 40 za mzizi bila tabu yote hii, akubali kwamba ungesoma. Kisha amkabidhi miwani, amwonyeshe ule mstari mweusi katikati ya ukanda na rangi zinazotambaa kuelekea jiliwa, na amuulize mzani wa sonara unaonyesha wapi kwamba kani ya mzizi imepita hapo.